Mji Tumeshawapa, Jibu Liko Wapi?

Wenzangu wa kalamu, leo nimekuja na ugomvi. Nitagombana kwanza na mimi mwenyewe, halafu na nyie, halafu na wakubwa wa Washington. Msinikatize njiani, atakayekasirika aniandikie.

Kwetu kitendawili kina sheria zake. Mtegaji anasema "kitendawili", sisi tunaitikia "tega". Tukishindwa anadai mji. Tunampa, anautembelea, anakula anachotaka, anatutambia mpaka basi. Lakini mwisho lazima aseme jibu. Hata mtoto wa darasa la kwanza anajua kwamba huwezi kupokea mji wa watu halafu ukanyamaza kimya. Utapigwa makonzi na wenzio, na hakuna atakayekuonea huruma.

Sasa sikieni nilivyotegewa mimi.

Tarehe 27 Aprili 2020, wakati nusu ya dunia imejifungia ndani kwa ajili ya korona, Wizara ya Ulinzi ya Marekani ilitoa rasmi filamu tatu fupi zilizopigwa na ndege za kivita za jeshi lake la majini. Moja ni ya Novemba 2004, kwenye bahari iliyo kusini mwa California. Mbili ni za Januari 2015, upande wa pili wa nchi, pwani ya mashariki. Ukiziunganisha zote tatu hazifiki dakika tatu. Hazina rangi, kwa sababu kamera iliyozipiga inanasa joto. Katikati ya kioo pana kidude, pembeni tarakimu zinabadilika, na katika zile mbili za 2015 unawasikia marubani wakishangaa kama vijana waliofumania jambo uchochoroni. Wizara ikasema filamu ni za kweli, na vilivyomo humo bado havijatambulika. Basi, ikaishia hapo.

Kitendawili!

Tukaitikia tega, tena kwa kelele. Mimi nilikuwa mstari wa mbele. Tulizitazama kwenye simu ya jamaa mmoja, vichwa vitano juu ya kioo cha ukubwa wa kiganja, na usiku uleule nikakaa nikaandika hadithi. Rubani wa Kimarekani, wageni kutoka sayari ya mbali, siri, machozi, mapenzi kidogo. Nikaisoma kwenye kikao chetu cha waandishi chipukizi. Makofi yakapigwa. Mmoja akasema mimi ni hatari. Nikavimba kichwa mwezi mzima.

Nilikuja kujua nilichokiandika miaka mitatu baadaye.

Filamu niliyoitumia ni ile wanayoiita GOFAST. Ukiitazama unaona kidude kinakwenda kasi juu ya maji, utadhani risasi. Katika hadithi yangu nilikipa mwendo ambao chuma cha binadamu hakijawahi kuufikia. Septemba 2023, jopo la wataalamu 16 lililoundwa na NASA likatoa ripoti yake. Humo walichukua tarakimu zilezile zilizoandikwa kwenye kioo cha filamu, yaani kimo cha ndege, pembe ya kamera na umbali wa kile kitu, wakapiga hesabu za pembetatu. Ndiyo, pembetatu hizihizi tulizokuwa tukizikimbia sekondari! Kumbe kidude hakikuwa karibu na maji hata kidogo. Kilikuwa juu kiasi cha mita 4,000, na ndege iliyokuwa ikikipiga picha ilikuwa juu zaidi, mita 7,600 hivi. Anayekimbia ni mpiga picha. Kitu kinaonekana kinakimbia kama vile miti inavyokimbia ukiwa ndani ya basi la Morogoro. Mwendo wake halisi walikadiria ni kilomita 64 kwa saa, mwendo ambao hata upepo wa huko juu unatosha kukibebea. Jamani, kilomita 64! Daladala likiwahi abiria linakipita.

Nilijisikia kama mtu aliyevuliwa shati sokoni. Kilichoniuma zaidi ni kwamba tarakimu zilikuwepo kwenye kioo tangu siku ya kwanza. Niliziona. Nikaziruka kama msomaji mvivu anavyoruka maelezo ya mandhari ili afike kwenye mapigano. Na mimi ndiye ninayelalamika kila siku kwamba watu hawasomi.

Sasa zamu yenu.

Sisi watu wa maneno tuna dhambi kubwa kuliko ya mtu wa kawaida, kwa sababu mkasa huu wote ulizaliwa na neno. Tarehe 24 Juni 1947 mfanyabiashara mmoja wa Kimarekani, Kenneth Arnold, alikuwa akirusha ndege yake ndogo karibu na Mlima Rainier, jimbo la Washington. Akaona vitu tisa vinang'aa na kwenda kasi. Alipotua, akawaeleza waandishi wa habari jinsi vilivyokuwa vikienda: vinarukaruka, kama kisahani unapokirusha juu ya maji. Alikuwa anaeleza mwendo. Magazeti yakalidaka lile neno la kisahani, yakalifanya umbo. Visahani virukavyo! Baada ya hapo kila aliyeinua macho akaona kisahani. Mwandishi mmoja mwenye haraka alisikia vibaya tashbihi ya mtu, na mbingu ya dunia nzima ikajaa vyombo vya chai.

Halafu mnaniambia fasihi haina nguvu!

Jeshi nalo linajua nguvu ya maneno kuliko sisi. "Visahani" lilipoanza kuchekesha, jeshi la anga likaleta UFO. UFO nalo lilipochafuka, serikali ikaleta UAP. Na hilo UAP, herufi yake ya katikati ilisimamia anga. Mwishoni mwa 2022 sheria ikaibadilisha isimamie maajabu, ili vinavyozama baharini na vinavyoelea nje ya dunia viingie humohumo. Jina linabadilishwa kama kanzu, mwili ni uleule: kitu hatujakijua.

Na hapo ndipo ninapogombana nanyi hasa. "Hakijatambulika" ni neno la kukiri. Maana yake ni kwamba aliyetazama hajui. Ninyi mnalichukua, mnaligeuza kuwa "kimetambulika, ni mgeni kutoka nyota nyingine". Hivi toka lini "sijui" ikawa "najua"? Ukimuuliza mama nani kagonga mlango akakujibu "sijui", utaandika kwamba aliyegonga ni malaika? Nimesoma hadithi zenu, na yangu ikiwemo. Wageni wote wana macho makubwa na vichwa vya boga, wote wanafanana na wale wa sinema. Hata kudanganya tunakopa!

Lakini ngojeni, wale mnaocheka pembeni mnaosema "tuliwaambia, ni fiksi tupu", nanyi mna lenu. Siwaachi.

Kuna mtu anaitwa David Fravor. Mwaka 2004 alikuwa kamanda wa kikosi cha ndege za kivita kwenye manowari ya USS Nimitz. Manowari nyingine ya msafara huo, USS Princeton, ilikuwa imeviona vitu kwenye rada yake kwa siku kadhaa. Fravor na wenzake, watu wanne katika ndege mbili, wakatumwa kwenda kutazama. Anasema waliona kitu cheupe, kirefu kidogo kama ile peremende ya Tic Tac, hakina mbawa, hakitoi moshi, kikihangaika juu ya maji kisha kikaondoka kwa namna asiyoweza kuieleza. Ile filamu ya 2004 hakuipiga yeye. Aliipiga mwanajeshi mwingine aliyeruka baadaye siku ileile. Fravor amelieleza jambo hilo kwa miaka mingi, na tarehe 26 Julai 2023 akalirudia chini ya kiapo mbele ya kamati ya Baraza la Wawakilishi. Hakusema ni wageni wa wapi. Alisema alichokiona.

Huyo mtamcheka? Tarehe 25 Juni 2021 ofisi inayosimamia idara zote za ujasusi za Marekani ilitoa ripoti ya kurasa tisa kuhusu taarifa 144 zilizotoka serikalini tangu 2004. Kati ya hizo 144 waliweza kueleza kwa uhakika moja tu, ambayo ilikuwa puto kubwa linaloishiwa hewa. Na ripoti hiyohiyo ikakiri kwamba marubani walikuwa wanaogopa kusema walichokiona kwa sababu ya masimango ya wenzao. Mnaelewa maana yake? Mtu anaendesha ndege ya mamilioni, anapishana na kitu angani, anarudi chini, anafunga mdomo, eti asichekwe kwenye chumba cha chakula. Kikiwa puto, droni ya adui au ndege ya mtu aliyepotea njia, siku moja kitagongana na mwenzake. Kicheko chenu kingeweza kuua mtu. Kwa hiyo mwenye kuamini kila kitu na mwenye kucheka kila kitu ni ndugu wa tumbo moja, wote wawili wamekataa kazi ya kutazama.

Haya. Nimejigombeza, nimewagombeza. Sasa twende Washington.

Watu walishangilia siku ile ya 2020 kwamba serikali imefungua sanduku. Sanduku lipi? Filamu ya 2004 ilivuja tangu 2007. Desemba 2017 gazeti la New York Times likatoa habari ndefu ya kitengo kilichochunguza mambo haya chini kwa chini kwa dola milioni 22, na filamu mbili zikawekwa hadharani. Ya tatu ikafuata 2018. Septemba 2019 jeshi la majini lilikuwa limeshakubali kwamba ni zake. Yaani kufikia Aprili 2020 filamu zilikuwa zimeshatazamwa na kila mwenye simu. Serikali ilitupa zawadi ya nguo tuliyokuwa tumeshaivaa! Na yenyewe haikuficha: ilieleza kwamba inazitoa ili kuondoa wasiwasi wa watu kama ni za kweli, na kama kuna zaidi ya kilichomo. Tena ikahakikisha kwanza kwamba hazifichui uwezo wowote nyeti wa vyombo vyake.

Zilizobaki je? Mtafiti mmoja wa Kimarekani aliomba mwaka huohuo wa 2020, kwa sheria yao ya uhuru wa habari, apewe filamu nyingine zote za aina hii. Jibu la jeshi la majini lilikuja Septemba 2022. Lilikiri kwamba filamu nyingine zipo, na likasema haziwezi kutolewa hata kipande, kwa sababu zitaumiza usalama wa taifa. Na zile tatu? Likajibu kwamba hizo ni tofauti kwa sababu zilishavuja kabla.

Someni tena hapo, taratibu. Kinachotolewa ni kile kilichokwisha kuvuja. Kisichovuja ni siri. Hilo ni changa la macho, tena limerushwa mchana kweupe.

Najua mtanirukia: "Si ndiyo uthibitisho! Wanaficha wageni!" Tulieni. Kwamba mtu anaficha kitu si ushahidi kwamba anaficha kile unachokiwaza wewe. Julai 1947, wiki mbili tu baada ya visahani vya Arnold, kambi ya jeshi huko Roswell, New Mexico, ilitangaza imeokota kisahani. Saa chache baadaye ikasemwa ni puto la hali ya hewa. Watu wakanung'unika miaka na miaka kwamba wamedanganywa, na kweli walikuwa wamedanganywa. Mwaka 1994 jeshi la anga likaeleza kwamba mabaki yale yalikuwa ya mradi wa siri ulioitwa Mogul, maputo ya kusikilizia kutoka mbali majaribio ya nyuklia ya Wasovieti. Siri ilikuwepo. Uongo ulikuwepo. Mgeni hakuwepo.

Au chukueni U-2. Ndege hiyo ya kijasusi ilianza kuruka 1955, ikienda juu zaidi ya mita 18,000, mahali ambapo hakuna aliyedhani ndege inaweza kufika. Jua likishatua huku chini, lenyewe lilikuwa linaimulika kule juu, inang'aa kama moto. Rubani wa ndege ya abiria akiiona anaripoti kisahani. Mwaka 1997 mwanahistoria mmoja aliandika, katika jarida la CIA wenyewe, kwamba zaidi ya nusu ya taarifa za visahani za mwishoni mwa miaka ya hamsini na miaka ya sitini zilitokana na ndege zao za upelelezi. Wapo wanaosema hesabu hiyo imekuzwa, na wana haki ya kubisha. Lakini nani alifaidika na visahani? Wakati mwananchi anabishana na jirani yake kuhusu viumbe wa Mirihi, ndege ilikuwa inapita juu ya nchi za watu ikipiga picha.

Hilo ndilo linaloninyima usingizi mimi. Aprili 2023, mkuu wa ofisi mpya ya Pentagon inayoshughulikia mambo haya aliwaonyesha maseneta filamu nyingine: kitu kama mpira wa rangi ya fedha kikipita hewani, mahali fulani Mashariki ya Kati, mwaka 2022. Tukakodoa macho. Mpira huo ni nini? Umetoka wapi? Hauna mbawa! Sikumsikia mwenzangu hata mmoja akiuliza swali la pili. Filamu ile ilipigwa na MQ-9, ndege isiyo na rubani, chombo kilichoundwa kuvizia watu kutoka juu na kubeba makombora. Nani alikuwa chini? Chombo kile kilikuwa kinamtafuta nani siku hiyo kabla mpira haujakatiza? Mtu wa kule chini, anayeanika nguo zake akisikia mngurumo hewani bila kuona kitu, yeye ndiye mwenye kitu kisichotambulika juu ya kichwa chake, na hakuna kamati ya maseneta iliyokaa kumsikiliza.

Waandishi, hadithi ilikuwa pale. Tukaipita tukikimbilia nukta.

Sikatai kwamba kuna wanaodai makubwa. Kikao kilekile cha Julai 2023, ofisa wa zamani wa ujasusi, David Grusch, aliapa kwamba serikali ina vyombo visivyo vya binadamu. Lakini alikiri kwamba anasimulia aliyoambiwa na wengine, chombo hakukiona kwa macho yake. Machi 2024 Pentagon ikatoa ripoti yake ya kihistoria ikisema haijapata ushahidi wowote wa teknolojia ya viumbe wa nje. Mmoja anasema nimeambiwa, mwingine anasema niamini. Mimi mtu wa kijiweni nifanyeje? Nimwamini mshitakiwa anayejikagua mwenyewe? Hapana. Nimwamini shahidi wa kuambiwa? Hapana pia. Nadai kuona. Nadai tarakimu kama zile za pembeni ya kioo cha GOFAST, kwa sababu ni hizo zilizomaliza ubishi wa filamu ile, na zilimaliza bila kumtukana mtu.

Turudi kwenye kitendawili chetu. Mtegaji mwenye adabu anajua jibu kabla ya kutega. Kama Pentagon inajua vitu vile ni nini na haisemi, basi imekula mji wetu bure, na huo ni wizi. Kama haijui, basi hakikuwa kitendawili. Aje aketi nasi chini kama mshindwa mwenzetu, aweke vyote mezani, wasomi wa kila nchi wapige hesabu. Hiki cha kusimama katikati, mara ni siri, mara hatujui, huku miji ya watu inaliwa, sisi kijijini tungekikomesha usiku wa kwanza.

Na sisi tujirudi. Mhariri akiniruhusu, natoa ushauri wa bure. Mwenye kutaka kuandika juu ya anga, asome kwanza kilichoandikwa pembeni ya picha. Akikuta "sijui", aiache ibaki "sijui" mpaka apate la kuiondolea. Mhusika asiyejua anaweza kubeba hadithi nzima mabegani. Na kabla ya kueleza kilicho mbele ya kamera, aulize kamera imefungwa kwenye nini, na nani anailipia mafuta.

Ile hadithi yangu ya makofi nimeichana. Ninaandika nyingine. Rubani yupo, amerudi melini, amekaa na sahani yake ya chakula, wenzake wanamtazama wakisubiri kucheka. Bado sijajua atasema nini. Wageni nimewafukuza wote.

Nawasilisha. Na Washington, kama jibu hamna, mji wetu turudishieni.